Kaktasi ndefu ya ukutani, maua tele tunda hakuna

Dadangu wa Kisauni uliyeuliza mbona kaktasi yako ndefu inatoa maua kila mwaka na haijazaa hata tunda moja, na kama tunda lenyewe laliwa: laliwa, tena ni tamu. Mimi ninazo mbili hapa Likoni, mwaka wa saba sasa.

Kwanza kata kijipande uangalie. Kikitoa maziwa meupe hiyo si kaktasi, ni jamii ya mnyaa, usitie mdomoni na usijipanguse macho, utomvu ule unaweza kukupofusha. Huku kwetu watu wanazichanganya sana kwa vile zote ndefu na zina miiba. Kaktasi yenyewe inatoa maji ya utelezi kama bamia, na miiba yake yatoka fungu zima kwenye kidoa kimoja cha manyoya.

Sasa hiyo ya kutozaa. Ua lafunguka usiku mmoja tu, likipigwa na jua asubuhi lishanyauka, na nyingi katika hizi hazishiki kwa unga wa ua lao wenyewe. Mimi mwanzo nilikuwa na moja, nikakata tawi nikapanda kando yake nikidhani nimepata ya pili, miaka miwili maua yaanguka tu, kumbe tawi ni mmea ule ule. Nilipopata kipande cha mti mwengine kabisa kutoka Mtongwe, kikakua kikatoa maua, ndipo nikatoka saa nne usiku na tochi na brashi ndogo ya rangi, nikachota unga wa hili nikapaka katikati ya lile, yakashika matano. Kwao Amerika Kusini kazi hiyo hufanywa na popo na nondo.

Kipande ukipewa usikipande kibichi kitaoza, kiweke kivulini wiki mbili kidonda kikauke kiwe kigumu, halafu mchanga mwingi, na masika usimwagilie kabisa.

Tunda halina miiba kama la dungusi, ganda jekundu, ndani jeupe na vijimbegu vyeusi kama habasoda, unavitafuna tu. Likiiva linapasuka lenyewe, na kunguru wa Mombasa mnawajua, kwa hivyo mimi nalivika wavu wa vitunguu mapema. Tia kwenye friji, kata, kamulia ndimu, wallahi mchana wa joto hakuna kama hilo.

Hata shina laliwa, kisiwa cha Curaçao wanamenya miiba na ganda wanapika supu inaitwa kadushi, yateleza kama mlenda. Mimi nilipika mara moja na nazi na pilipili, wanangu wakamaliza sufuria.

Vitumba vyako vikianza kuvimba niandikie hapa kabla havijafunguka, kama na zangu zimetoa nitakata ua nivuke nalo feri jioni ile ile.