Kabla Kitambaa Hakijagusa Gari

Fundi rangi hakusema neno. Alichukua tochi, akaisogeza hadi karibu na boneti, akaizungusha taratibu. Ile boneti nyeusi niliyokuwa najivunia ikaonekana imejaa mikwaruzo myembamba, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui wenye umande. Akazima tochi.

"Bosi, hili gari unaliosha au unalipiga msasa?"

Nilinuna, maana gari hilo lilikuwa haliguswi na mtu isipokuwa mimi. Ni Nissan Fairlady Z ya 2004, ile ya bodi ya Z33, nyeusi, viti viwili tu. Mke wangu huliita gari la wachoyo. Nililisubiri kwa miaka kabla ya kulipata, na lilipofika nilimkataza hata mzee wa getini kulifuta, ingawa ndiye anayefuta magari ya wapangaji wote. Nikajipa kazi hiyo mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa natoka na kitambaa kikavu, nafuta vumbi, nainama pembeni kutazama linavyong'aa, naondoka na roho nyeupe. Kumbe ndiyo ilikuwa dhambi yenyewe.

Fundi alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa pesa. Rangi ya gari siyo kitu kimoja. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka la kung'aa lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo. Vumbi nalo, hasa la barabara zetu za mitaani huku Goba, limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Unapopitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi, wewe unadhani unaliondoa. Unalisaga juu ya gari. Kila asubuhi, kwa miezi saba.

Mikwaruzo ile aliiondoa kwa mashine ya polishi, na gari lilipotoka juani likatazamika tena. Ila polishi haizibi mikwaruzo. Inakula klia kidogo mpaka usawa wake ulingane na shina la mkwaruzo, na alinionya kwamba kazi hiyo huwezi kuirudia kila mwaka. Siku klia ikiisha, unarudi kupaka rangi.

Tangu siku hiyo mambo ninayoyafanya kabla ya kuligusa gari ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko kuosha kwenyewe. Majirani wanacheka. Mimi naanza saa 12 asubuhi, jua likiwa bado halijakamata, kwa sababu bati la moto hukausha sabuni kabla hujaigeukia, na sabuni iliyokaukia juu ya rangi nyeusi ni kesi nyingine.

Naanza na magurudumu. Wengi huyaacha mwisho, na ndivyo matope ya magurudumu yanavyorukia mlango ambao umeshaoshwa. Yana ndoo yake, brashi yake na vitambaa vyake, na vitambaa hivyo haviruhusiwi kupanda juu hata siku moja. Ule unga mweusi unaoganda kwenye rimu unatoka kwenye breki, ndani yake mna chembe za chuma, na ukipita nao kwenye boneti utaona cha moto.

Kisha maji matupu, mengi, gari zima. Hapa wapenzi wa magari huwa tunagombana: povu lianze au maji yaanze? Wanaosema povu lianze juu ya gari kavu wana hoja, kwa sababu halichanganyiki na maji, linakaa na nguvu yake yote, na kwa gari lenye utando wa mafuta na moshi wa barabara ya lami wako sahihi. Lakini aliyetoka Dodoma na gari lililogeuka rangi ya udongo, povu lake litalishughulikia vumbi la juu tu na kuteremka nalo, la chini limebaki pale pale. Kwa vumbi letu mimi nasema maji kwanza. Mashine ya presha ikiwepo, simama mbali, usikaribie chini ya sentimita 30, na usiielekeze kwenye kingo ambako rangi imeshaanza kubanduka, maana itakumalizia kazi hiyo.

Halafu povu. Kwenye video za Wazungu utaona bunduki ya povu iliyofungwa kwenye mashine, gari linafunikwa jeupe kama keki ya harusi. Inapendeza, lakini si lazima: mimi natumia bomba la mkono la lita 5, lile la kupulizia dawa shambani. Lazima liwe jipya. Lililokwisha kupulizia mikorosho liache shambani. Natia maji na shampuu ya magari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, napampu, napuliza kuanzia chini kupanda juu, naacha dakika 4 au 5. Povu lake si zito kama la kwenye video, lakini linalainisha uchafu na kuubeba, na hiyo ndiyo kazi niliyolinunulia. Wakati povu linafanya kazi, nachukua brashi laini, kama ya kupakia rangi, napita kwenye grili, pembeni ya nembo, kwenye mpira wa madirisha na mdomo wa tangi la mafuta. Nasuuza. Mpaka hapo mkono wangu bado haujagusa bodi, na sehemu kubwa ya uchafu imeshashuka chini.

Ndipo zinakuja ndoo mbili, moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia glovu, na chini ya hii ya pili naweka chekeche la plastiki ili mchanga utulie chini usirudi juu. Glovu iwe ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu. Dodoki na sponji hubana mchanga juu ya uso wao na kuuburuta. Kitambaa kikianguka chini, hata kama umekiokota haraka, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha. Na tafadhali, sabuni ya unga iache ifue nguo. Punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza, na inaondoa nta yote uliyoilipia.

Kunguru wa Dar es Salaam nawatengea aya yao. Kinyesi cha ndege kikipigwa jua juu ya klia huacha alama iliyozama, na kadiri kinavyokaa ndivyo inavyozama. Usikisugue, ndani yake mna mbegu na mchanga. Lowesha kitambaa, kiweke juu yake dakika chache, kisha kinyanyue bila kuburuta. Mimi kwenye buti sikosi chupa ya maji na kitambaa kimoja kwa ajili yao tu.

Sasa, kuna kitu nilichokipata kwenye haya mambo ambacho sikukitarajia. Kulipitia gari kwa kiganja kila Jumamosi kumebadilisha ninavyotazama magari ya michezo. Zamani nilikuwa mtu wa picha: gari likiwa limeinama, lina mabawa na matundu mengi, nimependa. Siku hizi gari nikiliona nawaza maji yatapita wapi.

Mimina maji juu ya paa la Z33 uone. Yanateremka kwenye kioo cha nyuma kwa mstari mmoja, yanagawanyika penye mabega mapana ya magurudumu ya nyuma, yanashuka. Hakuna mahali yanaposita kujiuliza. Lile umbo la boneti ndefu na mkia mfupi siyo la jana. Lilitoka kwa babu yake wa 1969, ambaye nje ya Japani aliitwa Datsun 240Z, na babu huyo huku kwetu si mgeni. Alishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 akiendeshwa na Edgar Herrmann, akarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alifikisha ushindi wa mashindano hayo mara tano. Wanaosema gari la michezo ni la lami laini na vumbi halilifai, nawaonyesha picha za 240Z likiwa limepakwa tope hadi kwenye taa na bado linavutia. Kwangu mimi huo ndio mtihani wa umbo: lipake tope, lifute rangi na nembo, kisha tazama kama bado unalijua.

Lakini sitalisifia la kwangu mpaka niwe kipofu. Vile vitasa vyake vya mlango vilivyosimama wima, vya alumini, kwenye picha ni vizuri mno. Nyuma yake mna kijishimo ambamo uchafu unajificha na glovu haiingii, na kucha za abiria zimekwisha kuandika historia hapo. Aliyevichora sidhani kama aliwahi kuliosha.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni matundu ya uongo. Toyota Supra ya 2019 ni gari ninalolipenda kwa mwendo wake, na kwa mgongo wake hasa; ukilitazama kwa nyuma, yale mapaja yamechongwa na mtu anayejua. Ila mlangoni kuna tundu ambalo si tundu. Kwenye boneti yamo mengine. Yamezibwa kwa plastiki nyeusi. Toyota walieleza kuwa mengine yanaweza kufunguliwa gari likitayarishwa kwa mashindano, sawa, lakini mwenye gari la kwenda nalo kazini atabaki na vijimfuko vya kukusanyia vumbi na maji. Rafiki yangu mmoja anayeishi Dubai analo, na anasema akishamaliza kulikausha, akiendesha hatua mia moja tu, maji yanachuruzika kutoka kwenye hayo matundu na kuchora michirizi mlangoni. Tundu la kweli lingeyapitisha.

Kwa upande mwingine, nitatetea gari ambalo wapenzi wengi wanalitukana. Porsche 911 ya bodi ya 996, iliyotoka 1997, iliachana na taa za duara, ikaunganisha taa kubwa na indiketa kwenye kipande kimoja chenye umbo la yai lililovunjika kikaangoni. Watu waliita hivyo hivyo, mayai ya kukaanga. Waliudhika pia kwamba uso ule ulikuwa wa Boxster, gari la bei ya chini, na bodi ya 997 ilipokuja 2004 duara lilirudi. Mimi nimewahi kuiosha 996 ya mtu mmoja hapa mjini, nikapita na glovu kuanzia boneti, juu ya taa, hadi kwenye bampa, bila kukwama popote. Uso mmoja laini. Nilipomaliza nikawa upande wake. Wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp wananiambia nimelogwa na urahisi wa kazi, na huenda wana hoja, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuligusa.

Taa za kuchomoza, zile za Mazda MX-5 ya kwanza ya 1989, hapo nakubali moyo unashinda mkono. Kuziosha ni usumbufu: lazima uziinue, usafishe kope na kijumba chake, ujani umo, mchanga umo. Na bado zingekuwepo leo ningezinunua.

Nimalizie kukausha, maana hapa Dar wengi tunaosha kwa maji ya kisima na mengi yana chumvi. Yakikaukia juu ya gari yanaacha madoa meupe ya duara ambayo sabuni haiyatoi. Nasuuza sehemu moja, nakausha, naenda nyingine. Sisubiri gari zima. Taulo kubwa la maikrofaiba nalitandaza juu ya boneti, nalivuta taratibu kwa ncha mbili, silisugui. Madoa yakishaganda, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyatoa, kisha suuza vizuri na upake nta upya. Maji ya mvua ukiweza kuyakinga, tumia kwa suuzo la mwisho.

Yote haya yananichukua saa mbili kasoro. Mzee wa getini alinitazama wiki za mwanzo kwa huruma, akidhani nimebana matumizi nisimpe chake. Ikabidi nimkalishe, nikamwonyesha kwa tochi ya simu mlango nilioukwaruza mwenyewe na ule uliopigwa polishi. Akaguna. Sasa ndiye anayeshika mpira wa maji, na Jumamosi ana fungu lake.

Juzi asubuhi nikamsikia getini anabishana na kijana mwenye Altezza, mpangaji wa nyumba ya pili, aliyekuwa anafuta boneti kwa fulana kuukuu.

"Mwanangu, hiyo mwagie maji kwanza."

"Mzee, nawahi kazini."

Akaendelea kufuta.