Vifimbo vya mbao na tumbo la baada ya kujifungua

SWALI: Nina miezi minne tangu nijifungue kwa upasuaji. Saluni moja hapa Nyakato wananikanda tumbo kwa vifimbo vya mbao ili lipungue. Juzi nimetoka huko damu imevilia ubavuni, wakasema ndiyo mafuta yanavunjika. Ni kweli? (Mzazi, Mwanza)

JIBU: Si kweli, dada, na usikubali kukandwa hivyo tena. Weusi huo ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka kwa kukandamizwa. Mafuta ya mwili hayavunjwi na kifimbo. Ukandaji huu, uliovuma kutoka Kolombia, husukuma maji yaliyotuama chini ya ngozi. Ndiyo maana ukipimwa kwa futi ya fundi cherehani unapoinuka kitandani sentimita zimepungua, na baada ya siku chache zimerudi.

Ukandaji ukifanywa vizuri hauachi weusi. Mishipa ya limfu, inayobeba maji hayo, iko juujuu, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Mafuta ya nazi au alizeti, vijiko 2 vya chakula, yanatosha tumbo. Mkandaji aanze kwa viganja, ndipo ashike kifimbo chenye mifereji: chini ya kitovu asukume kuelekea kinenani, juu yake kuelekea kwapani. Ngozi iwe nyekundu kidogo tu, isiume. Akitumia kikombe cha mbao cha kutelezesha juu ya ngozi, kikikwama na kuivuta ngozi, aongeze mafuta, asiongeze nguvu.

Kovu lako lisiguswe na mbao mpaka daktari alikague. Halafu jipime: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, bonyeza vidole juu ya kitovu. Vikizama vitatu sambamba, misuli imeachana, na hiyo inataka mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande kabisa. Huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Vifimbo vyangu vya mninga naviloweka kwa sabuni kisha naanika juani. Vinapasuka. Nakosea wapi? (Mkandaji, Igoma)

JIBU: Kote kuwili. Mbao ikinywa maji hutanuka, jua likiipiga husinyaa ghafla, ufa unatokea. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kikavu, pitisha spiriti, anika kivulini. Chenye ufa kitupe, usikigandishe kwa gundi: vibanzi vyake vinachana ngozi ya mteja, na mafuta ya mteja wa jana yamejificha humo.