Jibu: Kitabu gani cha kutambulia kampaundi kwa infraredi?
Mkuu, umeuliza ununue kitabu gani ili utambue kimiminika chako, ambacho spektra yake ya infraredi (mchoro wa mwanga kinaoufyonza) ina kilele kikali kwenye 1740 cm⁻¹. Usitoe hela kwanza. Ingia NIST WebBook ya Wamarekani na SDBS ya Wajapani, hifadhi za spektra mtandaoni, zote bure, ulinganishe spektra yako na za kwao. Ila angalia sampuli yao ilipimwaje: nyingi za NIST ni za gesi, na huko kilele cha kabonili (kaboni na oksijeni zilizoshikana kwa bondi mbili) hupanda. Ethili asetati ikiwa kimiminika husoma karibu 1740, ikiwa gesi hukaribia 1760. Kwa tofauti hiyo tu unaweza kulitupa jibu sahihi.

Ukiona pia mikanda mikali kati ya 1300 na 1000, inaelekea ni esta, jamii ya ethili asetati. Vilele viwili vidogo karibu na 2720 na 2820 vingekupeleka kwenye aldihaidi, jamii nyingine yenye kabonili.

Ukikitaka kitabu bado, chukua cha Silverstein cha kutambulia kampaundi kwa spektra, hata toleo la zamani la mtumba. Kilianza kutoka 1963 na kabonili haijahama tangu hapo. Kitabu cha Skoog nacho ni kizuri, lakini kinafundisha zaidi mashine zinavyofanya kazi.