Barua kwa Mama Wafula: kuwa macho hakutoshi

Mwanangu Nekesa,

Hapa Kimilili hatujambo. Mvua inanyesha, mama yako anakusalimu, anauliza kama meno ya Wafula yameongezeka.

Ujumbe wako niliusoma. Unasema nesi wa kliniki amekuambia kwamba kwa kuwa mtoto ameanza kujiinua na kusimama kwa kushikilia vitu, upange upya chumba chote. Nawe unaniuliza: mbona sisi tulilelewa na moto wa kuni na koroboi na wote tukakua? Si inatosha mtu awe macho tu?

Haitoshi, mama. Na hapa nakujibu kama mtu aliyefanya kazi wodi ya watoto hadi akastaafu, si kama babu anayemwogopea mjukuu, ingawa na hilo lipo.

Usijilinganishe na sisi. Hapa nyumbani jiko lilikuwa kibanda chake, kando na mlipolala. Kulikuwa na nyanya yenu, shangazi zenu na kaka zako wakubwa. Mtoto akiponyoka huyu anadakwa na yule. Wewe huko Manyatta, Kisumu, una chumba kimoja, jiko liko hatua mbili kutoka kitandani, na Baba Wafula akiingia zamu ya usiku umebaki peke yako. Macho ni yako mawili, na hayo hayo ndiyo yanayotafuta chumvi, yanayosoma meseji na kuangalia ugali usiungue. Halafu kumbuka, wanaosimulia kwamba walilelewa na moto wakapona ni wale waliopona. Wengine nilikutana nao kazini.

Jirani yako anasema ajali haina kinga. Maneno hayo nimeyasikia kando ya vitanda vingi mno, na mara nyingi aliyeyasema alikuwa ameshanieleza, bila kuulizwa, kikombe kilikuwa kimewekwa wapi. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kikombe kile kilikuwa na mahali pengine pa kukaa. Ndiyo maana sikuombi uangalifu zaidi. Uangalifu huisha jioni pamoja na nguvu za mwili. Kitu ulichokiondoa mchana hakikudai chochote usiku.

Anza na vitu vya moto, kwa sababu hapo ndipo watoto wa umri huu wanapoumia vibaya. Watu huogopa miali, lakini wodini wadogo wengi waliletwa na maji, chai na uji. Mtoto anayejiinua hushika chochote kinachoning'inia. Akivuta kitambaa cha meza, chupa ya chai inamjia usoni, na kidonda kinashuka kidevuni, shingoni, kifuani hadi mkono uliovuta. Ukiona alama ya namna hiyo huna haja ya kuuliza kilichotokea. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako; maji ya nyuzi 60 yanamuunguza vibaya kwa sekunde chache, na hata chai iliyokaa robo saa bado inaweza kumbabua. Kwa hiyo vile vitambaa alivyokufumia mama yako vikunje uviweke kabatini mpaka mtoto apate akili. Nimeshamwambia, amenuna kidogo, atazoea. Usinywe chai umempakata. Na unapomwogesha, maji baridi yatangulie kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, maana kuna siku utageuka kuchukua taulo naye ataingia mwenyewe.

Huo mtungi wa gesi wa kilo sita wenye jiko juu yake, mnaouita meko, ndio unaoninyima usingizi. Unakaa chini, na sufuria inakaa usawa wa kifua chake. Kuupandisha juu ya kistuli ni kuongeza kitu cha kuanguka. Unahitaji kuzungushiwa, na hilo nitalirudia.

Akiungua, Mungu apishe mbali, mvue nguo iliyolowa ikiwa haijagandia ngozi, kisha mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Maji ya barafu hapana. Najua mfereji wenu hukauka. Mimina kwa kikombe kutoka kwenye jerikeni. Utaona dakika hizo ni ndefu, na jirani atakuja na dawa ya meno, mwingine na yai, mwingine unga. Wakatalie wote. Vitu hivyo hushikilia joto na uchafu, na mtu wa kuviosha baadaye, mtoto akipiga mayowe, nilikuwa mimi. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mtoto asipate baridi, kisha mkimbie Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi, au hospitali yoyote iliyo karibu.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda sitaki hata kuyasikia, na hiyo Jik, dawa ya kung'arishia nguo, uliyomwaga kwenye chupa ya maji, irudishe kwenye chupa yake uiweke juu kabisa. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Hatari kubwa ya mafuta hayo ni kuingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Nenda naye hospitali, na chupa uibebe.

Maji mnayohifadhi yawe kwenye majerikeni yenye mdomo mdogo, si ndoo wazi. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo anaingia kichwa kwanza na hawezi kujitoa, hata kama maji ni kidogo. Wala hatapiga kelele. Hilo ndilo wazazi wengi hawaamini: wanasubiri kusikia.

Njugu karanga nzima asipewe mpaka afike miaka mitano, hata akilia. Mtwangie kwenye uji. Akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipo­toka, mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara tano kwa kitako cha kiganja kimoja, halafu urudie huku mtu akitafuta gari. Usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona. Hii ni ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Akivuka hapo kuna namna nyingine, nikija nitakuonyesha.

Na jiko la makaa lisilale ndani, hata Julai. Hewa yake haina harufu na inaua.

Haya yote mwambie pia yule msichana anayekusaidia, tena kwa upole. Naye ni mtoto, na ukimfokea ataficha kitu siku kitakapotokea.

Sasa lile la jiko: nitakuundia uzio wa kulizungushia. Nina mbao za mvule zilizobaki tulipotengeneza mlango. Pima kwa utepe kutoka ukuta wa dirisha hadi mguu wa kitanda, na urefu kutoka sakafuni mpaka kidevuni kwa Wafula akiwa amesimama. Nitaongeza juu ya hapo, maana hatakaa kimo hicho. Nitumie vipimo kabla ya Alhamisi, nipate kuupiga randa vizuri usimchome, kisha nitaupakia kwenye matatu ya Jumamosi. Uwe stendi kuupokea, ni mzito.

Baba yako