Kwa msusi mgeni Kisumu: itunze miguu kabla haijaanza kuuma

Karibu kwenye kazi, mdogo wangu. Vidole kila mtu atakufundisha: kushika kitana cha mkia, kugawa mafungu, kuanza rasta bila kumvuta mteja ngozi ya kichwa. Miguu hakuna atakayekutajia, ilhali ndiyo inayokusimamisha nyuma ya kiti tangu asubuhi hadi saluni za Kondele zinapofungwa usiku, na Disemba ndiyo kabisa.

Moyo husukuma damu hadi nyayoni. Kuirudisha juu ni kazi ya misuli ya mguu, hasa ya shavu. Ukipiga hatua, shavu linakaza na kuiminya mishipa ya vena, yaani ile inayorudisha damu moyoni, damu inapanda, kisha vali ndogo zilizomo ndani ya mishipa hiyo zinajifunga ili isiteremke. Ukisimama tuli kwa muda wa saa nne au tano, shavu limelala. Damu inatuama, mshipa unatanuka, na vali zikishindwa kukutana damu hurudi chini. Baada ya muda mshipa hujipinda na kututumka chini ya ngozi. Hiyo ndiyo vena varikosi, yenye upana wa milimita 3 au zaidi. Vishipa vyembamba vyekundu au vya zambarau vinavyotawanyika kama utando wa buibui havifiki milimita 1, na kwa kawaida havina madhara ila kuudhi macho.

Kusimama si sababu pekee. Hali hii hurithiwa sana, kwa hiyo waulize mama na shangazi zako miguu yao ikoje. Ujauzito, unene na umri pia huchangia.

Kwenye ngozi nyeusi kama zetu, utando huo hujificha, kwa hiyo usingoje kuona rangi. Jioni vua viatu, bonyeza kidole gumba kwenye muundi kwa sekunde kadhaa, kisha uachilie. Pakibaki shimo, mguu umevimba. Linganisha na mguu wa pili. Tazama pia upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo: ngozi ikianza kuwa nyeusi zaidi au ya kahawia, ikiwasha na kukakamaa, mishipa imelemewa kwa muda mrefu na usiendelee kuahirisha kliniki. Hapo ndipo vidonda sugu hutokea. Na kwa kuwa huku Nyanza na Magharibi ugonjwa wa selimundu (sickle cell) ni wa kawaida, nao huleta vidonda vya kifundoni, kidonda kisichopona kisitibiwe kwa kubahatisha.

Sasa mazoea, na haya uyaanze wiki ya kwanza. Kila ukimaliza mstari wa rasta, inua visigino na kuvishusha mara kumi. Mikono haihitaji kuacha nywele. Nenda mwenyewe kuchukua maji ya moto badala ya kumtuma mtu. Mwombe mwenye saluni kiti kirefu cha kuzunguka, na usione haya, kwa sababu msusi anayeumwa miguu hamfaidi mwajiri pia. Ukikaa, usikae bila kusogeza miguu, maana damu hutuama hata kwa aliyeketi. Ukifika nyumbani lala chali, egemeza miguu ukutani au kwenye mito ipite usawa wa moyo, dakika 15 hivi.

Soksi za kubana nazipenda kuliko dawa yoyote ya kupaka, kwa sababu hakuna krimu inayorudisha vali iliyoharibika. Zivae asubuhi kabla miguu haijavimba, na upimwe kifundo na shavu kabla ya kununua. Bandeji ya kufunga kwa kukisia inaweza kubana shavu na kuzuia damu. Mwenye kisukari au anayepata maumivu ya shavu akitembea aonwe na daktari kwanza, kwani soksi hizo humdhuru mtu mwenye ateri, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, zilizoziba.

Hospitali huchunguza mishipa kwa ultrasaundi, na haiumi. Mshipa ulioharibika unaweza kufungwa kwa sindano ya dawa, kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, au kuondolewa kwa upasuaji. Damu hutafuta njia kwenye mishipa mizima iliyobaki, basi usiogope kwamba mguu utakauka.

Mshipa uliotokeza ukipasuka, damu hutoka nyingi kuliko unavyotarajia. Lala chini, inua mguu, gandamiza kwa kitambaa safi bila kufungua kila mara kuchungulia, kisha uende hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na kuuma, usikubali kukandwa: huenda ni damu iliyoganda ndani. Nenda siku hiyo hiyo, umweleze daktari kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi au umejifungua karibuni. Pumzi ikianza kukatika au kifua kuuma, ni dharura. Mwachie mwenzako kitana, uondoke.