Maswali yenu kuhusu komplementi, protini zinazotoboa vijidudu

Wiki iliyopita, nikieleza kingamwili, yaani protini za damu zinazomtambua adui mmoja mahususi, niliandika kwamba mara nyingi kingamwili haimuui bakteria: humshika na kumtia alama, kisha protini ziitwazo komplementi humalizia kazi. Sentensi hiyo moja imeleta maswali mengi kuliko makala nzima. Nimefurahi, kwa kuwa hii ndiyo sehemu ya kinga ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa upesi madarasani.

Hizo komplementi ni kitu gani hasa, na zinakaa wapi?

Ni protini, si seli. Ziko zaidi ya 30, na nyingi hutengenezwa na ini, kisha huzunguka katika damu zikiwa zimelala. Damu ikishaganda, yale majimaji ya manjano yanayojitenga na donge, yaani seramu, yamejaa protini hizo. Iliyo nyingi kuliko zote inaitwa C3, karibu gramu moja katika kila lita ya seramu. Ni kiasi kikubwa, na kina sababu: kijidudu kikishaingia hakuna muda wa kuanza kutengeneza.

Kwa nini ziitwe "komplementi"? Zinakamilisha nini?

Mwaka 1894 Mjerumani Richard Pfeiffer aliona vijidudu vya kipindupindu vikiyeyuka tumboni mwa wanyama wa maabara waliokwisha kukingwa. Mwaka uliofuata Jules Bordet, Mbelgiji kijana aliyekuwa akifanya kazi Institut Pasteur mjini Paris, aliichunguza seramu ya wanyama wa aina hiyo. Ikiwa mbichi, iliua vijidudu. Akaipasha moto hadi nyuzi 55 hivi, nguvu ikapotea. Hapo mtu angesema basi, joto limeiharibu. Bordet akaongeza seramu mbichi kidogo ya mnyama ambaye hakuwahi kukingwa, seramu ambayo peke yake haikuweza kitu, na nguvu ikarudi.

Maana yake ni kwamba vilihitajika vitu viwili. Kimoja kinavumilia joto na kinamjua adui mmoja mahususi: hiyo ni kingamwili. Cha pili huharibiwa na joto, kimo katika damu ya kila mnyama, na hakichagui adui. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bordet alikiita alexine, jina alilolitumia mwanasayansi Mjerumani Hans Buchner kabla yake. Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, ndiye aliyekiita komplementi, yaani kikamilisho, kwa kuwa kinakamilisha kazi ya kingamwili, na jina lake ndilo lililodumu. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919. Hadi leo maabara zikitaka seramu isiyo na komplementi huipasha kwa nyuzi 56 kwa nusu saa.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. C1, halafu C4, halafu C2, halafu C3! Nani alihesabu hivi?

Mwanangu, namba zilitolewa kwa mpangilio wa kugunduliwa, kabla mpangilio wa kazi haujajulikana. Usizikariri, fuata kisa.

C1 hukaa juu ya kingamwili zilizokwisha kumshika bakteria. Ikishakaa, huikata C4, kisha C2. Vipande vya hizo mbili huungana kuwa kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, kinachokata C3, na hapo ndipo mambo yanapokua ghafla, maana kimeng'enya kimoja hukata C3 nyingi sana. Kila C3 hutoa kipande kidogo, C3a, na kikubwa, C3b. C3b ikishatoka hivyo hufunuka sehemu yake kali ya kikemia inayonasa uso wowote ulio jirani, ndani ya muda usiofika hata sekunde. Isipokuta uso, hunaswa na maji na nguvu yake inaishia hapo. Ndiyo maana shambulio halitapakai hovyo mwilini.

Bakteria aliyepakwa C3b ameota vishikio: seli nyeupe zina vipokezi vya kuidaka, na humla kwa wepesi. Vitabu hushangilia zaidi tundu linalokuja baadaye, lakini kwangu kazi kubwa kuliko zote ni hii ya kumpaka. Bakteria wenye ukuta mnene, kama stafilokoka na wale wa nimonia, hawatoboki. Kwao C3b ndiyo silaha.

Kisha hukatwa C5. Kipande chake kidogo, C5a, huziita seli nyeupe na kulegeza mishipa midogo, ndiyo maana pale pana uvimbe na joto. Kipande kikubwa hukusanya C6, C7, C8 na C9 nyingi, zikajipanga kuwa bomba lililopenya utando wa bakteria, tundu lenye upana wa nanomita 10 hivi. Maji huingia, bakteria hupasuka.

Kuna milango mingine miwili isiyongoja kingamwili. Mmoja hutambua sukari zilizo kwenye ngozi ya vijidudu, kama manosi. Mwingine huanza kwa C3 yenyewe, ambayo hujifungua kidogo kidogo saa zote. Njia hii ya mwisho ilielezwa mwaka 1954 na Mmarekani Louis Pillemer, aliyegundua protini ya propedini. Wenzake walimkatalia vikali, naye akafariki mwaka 1957, kabla utafiti wa baadaye haujaonyesha kwamba njia hiyo ipo. Habari yake huniuma kila niisomapo.

Kama C3 inajifungua yenyewe saa zote, mbona hainitoboi mimi?

Hili ndilo swali la maswali. Ukweli ni kwamba C3b hutua hata juu ya seli zako, sasa hivi, unaposoma. Tofauti iko katika kinachofuata. Seli zako zina walinzi kwenye utando: CD55 huvunja kimeng'enya kinachokata C3, na CD59 huzuia C9 zisijipange kuwa bomba. Ndani ya damu kuna protini iitwayo fakta H, inayotambua sukari za seli zako na kusaidia C3b ikatwekatwe mpaka isifae kitu. Kwa hiyo njia hii haimjui adui. Humgusa kila mmoja, na asiye na kinga yake huliwa.

Bakteria wengine wamelielewa hilo. Meningokoka, wa homa ya uti wa mgongo, ana protini inayonasa fakta H yetu na kujivika. Wanasayansi waliichukua protini hiyohiyo na kuitumia katika chanjo dhidi ya meningokoka wa kundi B.

Walinzi wakikosekana? Upo ugonjwa adimu ambamo jeni moja, PIGA, hubadilika katika seli mama ya uboho. Si wa kurithi. Chembe nyekundu zinazotoka kwenye seli hiyo hukosa CD55 na CD59, na komplementi huzipasua. Mgonjwa huishiwa damu, hupata mkojo mweusi, mara nyingi asubuhi, na damu yake huganda mahali isipotakiwa. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha dawa ya ekulizumabu, inayoizuia C5. Dawa hiyo imebadili maisha ya wagonjwa hao, ila kwa kuifunga C5 humwachia meningokoka mlango wazi. Ndiyo maana mgonjwa huchanjwa kwanza, wiki mbili kabla ya kuanza ikiwa hali yake inaruhusu kungoja.

Kwa nini kuongezewa damu ya kundi lisilo lako kunaua haraka hivyo?

Kwa sababu kingamwili za makundi ya A na B unazo tayari, na nyingi ni za aina ya IgM, ambayo molekuli moja tu ikishika chembe inatosha kuiamsha C1. Walinzi niliowataja huzidiwa. Chembe ngeni hupasuka ndani ya mishipa, rangi nyekundu ya damu humwagika na kuumiza figo, C3a na C5a hushusha shinikizo la damu. Mililita chache zinaweza kutosha kuanzisha balaa. Kingamwili za Rh, ile alama ya chanya au hasi kwenye kundi la damu, kwa kawaida haziiti komplementi, kwa hiyo huko uharibifu huwa wa polepole na hufanyika zaidi kwenye wengu. Muuguzi akikuuliza jina lako mara ya pili kando ya kitanda kabla ya kuufungua ule mfuko wa damu, mjibu kwa subira.

Kijana wangu ameugua homa ya uti wa mgongo ya bakteria mara mbili. Daktari anataka apimwe komplementi. Kuna uhusiano?

Pole sana, mama. Uhusiano upo, tena mkubwa, na daktari wako anafikiri vizuri. Waliozaliwa bila moja ya protini za mwisho, kuanzia C5 hadi C9, hupambana na vijidudu vingi kama watu wengine, lakini meningokoka huwarudia, kwa sababu yeye huuawa hasa kwa lile tundu. Kipimo cha kwanza huangalia kama mnyororo wote unafika mwisho. Damu ikikaa muda mrefu kwenye joto, komplementi huharibika na majibu yakatoka chini bila sababu, kwa hiyo hakikisheni sampuli inafika maabara upesi. Ikithibitika, atahitaji chanjo za meningokoka, na ndugu zake nao wapimwe, maana hali hii hurithiwa. Akipata homa kali, msingoje kukuche.

Nile nini ili komplementi ziongezeke?

Usitafute. Asiye na upungufu anazo za kutosha, na zikizidi kuamka huumiza mwili wenyewe. Hakuna kidonge cha kuziongeza kinachostahili fedha yako.

Nina lupasi. C3 na C4 zikishuka, daktari anasema ugonjwa umeamka. Zimeenda wapi?

Zimetumika. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, kingamwili hushikana na mabaki ya seli zako, hasa DNA, na mafungu hayo hukwama penye vichujio vya figo. Komplementi huamkia hapo na kuliwa haraka kuliko ini linavyotengeneza. Ndiyo maana namba hizo husomwa pamoja na protini kwenye mkojo.

Lakini usizione kuwa adui. Karibu wote wanaozaliwa bila C1q, ambayo ni sehemu ya C1, kabisa hupata lupasi, kwa kuwa komplementi za mwanzo ndizo zinazosaidia kuondoa seli zilizokufa, na C3b ndiyo inayowezesha chembe nyekundu kuyabeba yale mafungu hadi kwenye ini na wengu yakateketezwe. Wapo pia watu ambao C4 yao iko chini maisha yao yote kwa sababu wamerithi nakala chache za jeni yake, hata ugonjwa ukiwa umetulia. Namba moja haimwambii daktari mengi mpaka ailinganishe na zako za zamani, kwa hiyo tunza majibu yako yote ya nyuma na uende nayo kila kliniki.