Mafuta ya maranda na ile 100% ya maabara

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi vijana wa hapa Mafinga tunachoma maranda ya paini kwenye pipa lililozibwa, moshi tunaupooza tunapata mafuta meusi. Tulipima chuoni kwa GC-MS (mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali), karatasi inasema asidi asetiki 18%, guaiakoli 9% na vingine vingi, jumla 100%. Maji hayapo kabisa. Je, tuyatie kwenye jenereta ya dizeli?

JIBU: Hongereni sana, ila jenereta msiiguse jamani. Hiyo 100% sio ya mafuta yenu, ni ya vile tu mashine ilivyoviona, maana GC inapasha sampuli moto igeuke mvuke na kinachogoma kugeuka mvuke hakihesabiwi, sasa sukari nzito na mapande ya lignini (ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti) yanagoma, ndio maana mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta ya aina hii haionekani pale. Maji nayo yanapimwa kivyake, kwa titresheni (kupima kwa kudondoshea kemikali kidogo kidogo) ya Karl Fischer, na mafuta yakitoka vizuri maji huwa 15 hadi 30% ya uzito. Ya pipa huwa na maji mengi zaidi mpaka yanajitenga, ya juu majimaji, ya chini lami, kwa hiyo niambieni, mlichota tabaka gani? Mkichota juu tu mmepima kitu kingine kabisa! Pimeni yote mawili, kila moja na uzito wake.

Hiyo guaiakoli ni sawa kabisa, ndio alama ya lignini ya paini. Mkiona na siringoli nyingi, ndugu yake guaiakoli anayetoka kwenye miti ya majani mapana, basi kuna maranda ya mlingoti (mkaratusi) yamechanganyika humo.

Kuhusu injini: pH yake (kipimo cha asidi, ikishuka chini asidi ni kali zaidi) ni kama 2 hadi 3, inakula chuma, oksijeni ni nyingi mno kwa hiyo nishati ni kama megajuli (MJ) 16 hadi 19 kwa kilo wakati dizeli ina kama 43, halafu hayachanganyiki na dizeli na yakikaa yanazidi kuwa mazito.

Mkirudi chuoni ombeni maji, asidi kwa titresheni, na lignini, hii ya mwisho ni rahisi, wanamimina mafuta taratibu kwenye maji ya barafu huku wanakoroga, inayoganda wanachuja, wanakausha, wanapima uzito. Na sampuli pelekeni mapema kwenye chupa ya kioo, ikae kwenye baridi.